Kuponi za punguzo: hapa Dodoma zipo, au ni za Wamarekani tu?

mama_wa_ilazo ameuliza:

Habari za jioni wanajukwaa, na wakubwa shikamooni.

Nimehamia Dodoma na familia, mume wangu kahamishiwa ofisi za Mtumba. Tunakaa Ilazo: sisi wawili, watoto watatu, na mdogo wangu anayesoma UDOM. Kwa sasa mshahara ni mmoja, maana biashara yangu niliiacha Dar. Kodi na ada tunazijua, zinapangika. Kinachonichosha ni matumizi ya ndani. Mafuta, sukari, unga, sabuni ya kufulia, pampasi za mdogo wa mwisho, dawa ya meno. Ukitoka dukani huoni ulichobeba, ila pesa imekwisha.

Nimekuwa nikitazama video za akina mama wa Marekani wanaokata kuponi. Wanakata vikaratasi kwenye magazeti, wanavipanga kwenye faili, wanaingia supamaketi na kujaza toroli hadi juu. Kaunta inasoma dola mia na kitu, wakitoa vikaratasi vyao inashuka hadi dola kumi. Nimeangalia mara nyingi nikajiuliza kama hapa kwetu jambo hilo lipo.

Nauliza hivi: Dodoma kuponi zipo? Kama hazipo, kitu gani kinakaribiana nazo? Kuna supamaketi mjini walinipa fomu ya kadi ya pointi, sijaijaza kwa sababu sikuelewa faida yake. Na kuna grupu la WhatsApp wanauza vocha za manunuzi, ya 100,000 wanakupa kwa 40,000, unalipa kwa simu halafu wanakutumia namba ya kuonyesha dukani. Yupo aliyewahi kuitumia? Naombeni majibu ya mtu anayelifahamu jambo hili kwa undani.

---

kijana_wa_area_c amejibu:

Dada karibu makao makuu. Kuponi za namna hiyo hapa hakuna. Mboga na nafaka nenda Majengo au Soko la Job Ndugai, nenda asubuhi. Supamaketi nenda kwa vitu vya kiwandani tu. Hiyo ya WhatsApp usiiguse kabisa.

---

mtunza_stoo amejibu:

Mdogo wangu, karibu Dodoma. Nilifanya kazi stoo ya supamaketi moja hapa mjini kwa miaka mingi kabla sijafungua duka langu Nkuhungu, kwa hiyo punguzo nimelitazama nikiwa ndani ya kaunta na nikiwa nje. Nitaandika kirefu. Jambo hili nalipenda, na linaniuma kuona mama wa watu anabeba kitu asichokihitaji kwa sababu tu kimebandikwa neno "ofa".

Nianze na hao Wamarekani wako. Kile kikaratasi si huruma ya duka, ni pesa ya kiwanda. Kiwanda cha sabuni kinachapisha kuponi ya, tuseme, senti 75, na inaingizwa ndani ya gazeti la Jumapili. Mteja anaipeleka dukani, duka linamkatia senti 75. Baadaye duka linakusanya vikaratasi vyote, vinapelekwa kituo cha kuvihesabu, na kiwanda kinalirudishia duka senti zake 75 pamoja na senti 8 za usumbufu kwa kila kikaratasi. Masharti hayo huwa yameandikwa kwa herufi ndogo sana kwenye kuponi yenyewe. Duka halijapoteza kitu. Ndiyo maana wanaweza kurundika: kuponi ya kiwanda, juu yake kuponi ya duka lenyewe, na bidhaa ileile iwe imeshushwa bei wiki hiyo. Hapo ndipo bili inaporomoka namna ulivyoona. Mambo haya kwao ni ya tangu zamani. Coca-Cola kule Atlanta walianza kugawa tiketi za glasi moja ya bure mwishoni mwa miaka ya 1880, ili watu waonje kinywaji kipya. Na siku hizi hata kwao makaratasi yanazidi kupungua, punguzo limehamia kwenye simu.

Sasa tazama tena zile video, uangalie kwenye toroli kuna nini. Dawa ya meno, shampuu, sosi, vyakula vya boksi. Viazi na maharage ni nadra kuvikuta humo, kwa sababu kiazi hakina kiwanda kinachosimama nyuma yake kulipa tofauti. Shika hilo, kila mahali utakapoona punguzo jiulize: hii tofauti anailipa nani? Ukimpata mlipaji, punguzo ni la kweli. Usipompata, mlipaji ni wewe.

Na usidhani sisi hatujawahi kuwa na kuponi. Waliojifungua miaka ile watakumbuka hati punguzo ya chandarua. Mpango ulianza mwaka 2004, na Dodoma tulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kabisa. Mjamzito akienda kliniki anapewa hati, anaipeleka kwenye duka lililojiandikisha, anaongeza kiasi kilichobaki, anaondoka na chandarua. Mwanzoni nyongeza ilitegemea bei ya chandarua, baadaye ikawekwa shilingi 500. Mimi nilipata yangu nikiwa na mimba ya kijana wangu wa kwanza. Mwenye duka aliichukua ile hati akaifungia kwenye droo ya pesa, pamoja na noti, kwa sababu kwake ilikuwa pesa kamili: ndiyo aliyoibadilisha kwa vyandarua vingine kwa muuzaji wake wa jumla. Ni utaratibu uleule wa Marekani, tofauti yake ni kwamba huku mlipaji alikuwa serikali na wafadhili, si kiwanda.

Kwa nini basi viwanda vya sabuni havifanyi hivyo kwetu? Kwa sababu bidhaa inatoka kiwandani, inapita kwa wakala, inapita kwa muuza jumla, inaishia kwa Mangi wa mtaani asiye na mashine ya kusoma alama. Nani atakwenda kukusanya vikaratasi kwenye maduka yote ya Chang'ombe na Kizota? Kwa hiyo kiwanda kinalipachika punguzo kwenye bidhaa yenyewe. Zile sabuni tatu zilizofungwa kwa selotepu na kikombe cha plastiki katikati, dawa ya meno yenye mswaki ubavuni, pakiti iliyoandikwa "gramu 100 zaidi". Hiyo ndiyo kuponi yetu. Nikiwa stoo tuliwajua kwa fulana zao, vijana wa kampuni wanakuja na katoni zao, wanazipanga wenyewe rafuni, na sisi hatukugusa bei. Tofauti ameilipa kiwanda. Ukikuta ya namna hiyo, na ni kitu unachokitumia kila siku, chukua.

Kuna punguzo jingine, la duka lenyewe, na hili ndilo linalotaka macho. Duka linashusha bei kwa sababu mzigo umekaa, au tarehe inakaribia, au wanataka uingie kwa sababu ya sukari halafu utoke na vitu kumi. Bei ikishuka nusu, geuza pakiti usome tarehe kabla hujafurahi. Sabuni na tishu hata tarehe ikiwa karibu hazina shida. Mtindi na maziwa nunua unavyoweza kunywa siku hiyo na inayofuata. Unga wa ngano ulioshushwa bei, binya mfuko na utazame kwenye mishono: ukiona vitu kama nyuzinyuzi za utando au punje zimeshikana, wadudu wamewahi kabla yako.

Kadi ya pointi. Kabla hujajaza fomu, muulize yule binti wa kaunta mambo mawili, shilingi ngapi zinanipa pointi moja na pointi moja ni shilingi ngapi nikiitumia. Tuseme akikwambia kila 1,000 ni pointi moja na pointi moja ni shilingi 10. Maana yake unarudishiwa shilingi 1 kwa kila 100. Sasa kama sukari ya pale ni 3,200 na ya duka la jirani ni 3,000, umepoteza 200 kwenye kilo ili upate 32. Kadi yenyewe ni bure na haina ubaya, jaza kama tayari unanunua pale. Isikuhamishe duka. Na pointi usizirundike ukisubiri Krismasi, zitumie zinapofikia kiwango, kwa sababu pointi ni ahadi na duka likifunga zinaondoka nalo. Kampuni ya supamaketi ya Uchumi ilifunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015, Nakumatt nayo ikaondoka miaka michache baadaye. Maduka makubwa yanakufa.

Ile ya WhatsApp pima kwa swali lilelile. Nani anayelipa hizo 60,000? Hayupo. Vocha halali ya manunuzi unainunua kaunta kwa thamani yake, unapewa risiti, na watu huinunua kwa ajili ya zawadi. Usitume hata mia, usifungue kiunganishi chao, namba ya siri usimpe mtu yeyote. Ujumbe wao upeleke 15040, hiyo ni namba ya kuripoti utapeli wa mitandao ya simu.

Sasa nikupe kitu ambacho kimeniokolea pesa kuliko ofa zote nilizowahi kuziona: daftari la bei. Daftari la kawaida la kurasa 80, kila bidhaa ukurasa wake. Wangu wa mafuta ya alizeti nimeuchora safu tano: tarehe, duka, ujazo, bei, na ya mwisho nimeiandika kwa kalamu nyekundu, bei kwa lita. Hiyo safu nyekundu ndiyo inayosema kweli. Tuseme dumu la lita 5 ni 29,000 na la lita 3 ni 16,800. Watu wanabeba la lita 5 kwa kuamini kikubwa ni nafuu. Gawanya kwa simu yako pale pale: la lita 5 ni 5,800 kwa lita, la lita 3 ni 5,600. Au sabuni ya unga, pakiti imebandikwa ofa 5,200, nyingine haina ofa ni 5,500. Geuza nyuma usome uzito halisi. Ya ofa ni gramu 900, ile nyingine ni kilo kamili. Ya ofa inakuja karibu 5,780 kwa kilo. Rangi ya njano pale rafuni haikukwambia hilo.

Ukiliandika daftari kwa miezi mitatu minne utaanza kuona mwenendo. Utaona ofa nyingi za vitu vya usafi zinakuja tarehe za mishahara, kwa sababu wanajua pesa zenu zimeingia. Utaona Bunge la bajeti likikaa, Aprili hadi Juni, mji unajaa wageni na bei za baadhi ya vitu zinachangamka. Na sukari ina kalenda yake. Viwanda vya miwa husimama wakati wa masika kwa sababu miwa haivuniki kwenye tope, kwa hiyo mwezi mmoja kabla ya masika, na kabla ya Ramadhani, mimi huwa nimeshaweka yangu. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Nino zilivuruga uvunaji, sukari ikapanda mpaka Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi. Aliyekuwa na kilo kumi kabatini hakuhangaika.

Na kaunta, linganisha bei ya rafuni na inayosomeka kwenye mashine. Mara nyingi si wizi, ni kwamba rafuni wamebadilisha na kwenye kompyuta hawajabadilisha. Piga picha kile kibandiko cha bei kwa simu, onyesha kwa upole kabla hujalipa. Ukishalipa na risiti ya EFD imetoka, kurekebisha ni kazi ya kumtafuta msimamizi, na foleni nyuma yako inanung'unika.

---

mama_wa_ilazo:

Dada yangu, Mungu akubariki. Nimesoma huku natikisa kichwa. Daftari naanza kesho. Swali jingine: nafaka je? Hapa Ilazo nanunua unga wa sembe mfuko wa kilo 5 kila mara. Jirani ananiambia ninunue mahindi gunia zima wakati wa mavuno nisage mwenyewe. Naogopa yataharibika.

---

mzee_wa_kibaigwa amejibu:

Binti yangu, marahaba kwa shikamoo yako ya juu. Nafaka ndiyo kazi yangu, nauza na kununua hapa Soko la Kibaigwa.

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Mavuno yanaanza Mei, na kuanzia Juni mahindi yanamiminika hapa kutoka Kongwa, Kiteto na kwingineko. Hapo ndipo bei inakuwa chini. Ikifika Januari na Februari, wakulima wengi wameshamaliza ghala, bei inakwenda juu. Mwenye familia ya watu sita akinunua Julai na kula Februari, hiyo tofauti ni pesa kubwa kuliko kuponi yoyote. Jirani yako amekwambia kweli. Lakini hofu yako nayo ni ya haki, maana mahindi ya bei rahisi yanaweza kuwa ghali kuliko yote.

La kwanza ni ukavu. Mwezi wa tano na wa sita kuna watu wanaleta mahindi hayajakauka, wanawahi pesa. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia konzi ya mahindi kama theluthi ya chupa, tia chumvi kavu vijiko viwili vitatu, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, hayo mahindi bado mabichi, usiyaweke ndani. Ikidondoka yote chini na kioo kikabaki safi, yanafaa. Mimi hata kwa wateja wakubwa wenye mashine za kupimia unyevu naifanya, na haijawahi kunigombanisha na mashine.

Nakuomba hili ulizingatie sana. Mahindi na karanga zilizovunda zinaota ukungu unaoleta sumukuvu. Mwaka 2016 hapa Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa sumu hiyo, watoto wakiwemo. Kupika hakuiondoi. Kusaga kunaificha tu. Kwa hiyo punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizooza, chambua utupe. Karanga za fungu rahisi zilizokunjamana na zenye ukungu usinunue hata za kukaangia watoto, hata ukiuziwa nusu bei.

La pili ni dumuzi, yule mdudu ambaye wengine wanamwita skania. Akiingia kwenye gunia la kawaida, baada ya miezi michache unabaki na vumbi. Nunua mifuko ya PICS, ile yenye plastiki mbili ndani na kiroba nje. Jaza, shindilia, toa hewa, funga kila plastiki peke yake kwa kuipinda na kuikaza kwa kamba, kisha kiroba cha nje. Mdudu anakosa hewa anakufa, wala huhitaji dawa. Uweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na panya wasitoboe, maana tundu moja tu linaharibu kazi yote. Mfuko ukiutunza utautumia tena mwaka unaofuata.

Tatu, nunua kwa mzani. Debe na sado vinabadilika kutoka mkono hadi mkono, kuna mwenye sado aliyoibonyeza chini, na kuna anayejaza kichuguu kwa jirani yake na kwako anakata usawa wa mdomo. Mzani uwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo. Na lumbesa usishabikie, mfuko wa mazao kisheria usizidi kilo 100. Unaona umepata kingi, kumbe umemnyonya mkulima, na ukienda kuuza wewe utanyonywa vivyo hivyo.

Ukisaga, saga dona au kobolea kidogo kidogo, ya wiki mbili. Unga hauna subira kama punje.

---

bajaji_ya_changombe amejibu:

Nawasoma kwa heshima zote, mzee wangu na dada yangu, lakini niseme upande wetu. Haya mambo ya gunia na dumu la lita 5 ni ya mwenye mshahara. Mimi napata hela kila siku jioni, na nikipeleka hesabu ya tajiri inabaki ya kula. Mke wangu ananunua mafuta ya kupima, sukari robo, unga kilo, sabuni kipande. Tunajua kabisa kwamba tunalipa zaidi. Laki moja ya kuweka gunia ndani tutaitoa wapi kwa mpigo? Tupeni na sisi njia.

---

mtunza_stoo amejibu:

Kaka, umesema jambo ambalo nalibeba moyoni kila siku, maana wateja wa duka langu ndio ninyi. Mafuta ya kupima ukiyajumlisha hadi lita, kwenye maduka mengi yanapita bei ya chupa ya lita. Mwenye kidogo ndiye anayelipa kingi, na hilo si kosa la mkeo.

Nitakwambia wanachofanya akina mama wa mtaani kwangu, wengi wao ni wauza mboga na mama lishe, hakuna mwenye mshahara. Wana kikundi kidogo, watu wanane, wote wanajuana milango. Kila mtu anatoa 2,000 kwa siku kwa siku tano za wiki. Hiyo ni 80,000. Jumamosi wawili wanaenda maduka ya jumla ya Majengo na orodha iliyokubaliwa, wananunua kwa katoni na dazeni, wanarudi wanagawana. Wiki hii sabuni ya mche na chumvi, wiki ijayo dumu la mafuta, wiki nyingine sukari. Hawanunui kila kitu kwa mpigo. Kila wiki kitu kimoja au viwili, na baada ya muda kila nyumba ina akiba ndogo ya kila kitu.

Nimeketi nao wakigawa mafuta, na ndivyo nilivyojua kwa nini kikundi hiki kinadumu na vingine vinavunjika. Dumu linawekwa juu ya stuli, kila mtu amekuja na chupa zake za maji za lita moja na nusu, zimeoshwa na kukaushwa juani siku moja kabla. Anayemimina si aliyenunua. Wanamimina wote hadi usawa wa alama ileile waliyoichora kwa kalamu ya wino, kinachobaki chini ya dumu, pamoja na machicha, kinapigiwa zamu kwa majina, na risiti inabandikwa kwenye daftari la kikundi kabla mtu hajaondoka na chupa yake. Nauli ya kurudi na mzigo inagawanywa na wote, hata ambao hawakwenda. Hakuna kukopeshana ndani ya mzigo. Asiyetoa wiki hiyo hapati wiki hiyo, na hakasirikiwi.

Kwa mahindi wanafanya vivyo hivyo kuanzia Juni, watu wanne gunia moja. Robo gunia inatosha kuanzia, na mfuko wa PICS mnaweza kuuweka nyumba moja yenye sakafu nzuri.

Ila angalizo moja: wasizidi kumi. Kikundi kikifika watu ishirini hakijui tena nani ni nani, na pesa ya watu ishirini ikikaa kwa mtu mmoja usiku kucha inaleta maneno.

---

bajaji_ya_changombe:

2,000 kwa siku inawezekana. Kwa mwezi wa kwanza tutaanza na sabuni na chumvi. Nyumba yetu ina wapangaji sita, wanne nawaamini. Dada, hizo katoni bajaji inabeba ngapi bila kuharibu?

---

mtunza_stoo:

Ukiondoa abiria, za sabuni kumi na zaidi, umebeba mzigo kuliko mimi na unajua springi zako. Dumu la mafuta liwe sakafuni, lisiwe juu ya siti, na kifuniko kifungwe na kipande cha nailoni chini yake. Ukifika Majengo usiende duka la kwanza mlangoni, ingia hadi yale ya ndani, uliza matatu kabla hujafungua pochi, na ukiongea nao sema unanunua kila wiki. Muuza jumla anamjali anayerudi.

---

mama_wa_ilazo:

Kaka wa Chang'ombe, mkienda Jumamosi kuna nafasi ya mtu mmoja kutoka Ilazo? Nauli yangu nalipa, na mafuta ya dumu nachangia nusu.

---

bajaji_ya_changombe:

Karibu sana dada. Saa mbili asubuhi nipo Majengo. Njoo na chupa zako zimekauka.